Nyama ya korongo imetoka ngumu kama soli ya kiatu: nimekosea wapi?

"Shikamoo mpishi. Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, mume wangu ni wa Uvira, na sasa ni mwaka wa nne tunaishi Amarillo, Texas. Mwenzake wa zamu kiwandani, Mmarekani, alimpa vidari vinne vya korongo aliowawinda mwenyewe, akamwambia nyama yake ni kama steki. Nilipofungua mfuko nilishtuka: nyama imekoza wekundu kama ini! Nikakamulia ndimu vidari viwili, nikavichemsha na tangawizi kwa saa mbili, kisha nikavikaanga. Vikatoka vigumu kama soli ya kiatu, na harufu ni ya ini tupu. Watoto wamevisusa. Vidari viwili bado viko kwenye friza. Je, nyama ile ilikuwa imeharibika? Ni salama kweli, na haya mafua ya ndege tunayoyasikia? Na huyu si yule korongo mwenye taji ambaye kwetu haguswi? Isitoshe mwenzake amemwalika waende kuwinda pamoja Januari, nami sijui nikubali au nikatae."

Marahaba, dada yangu. Hukuharibu nyama kwa uzembe. Uliipika kama anavyopikwa jogoo wa kienyeji, na jogoo wa kienyeji ndivyo anavyotaka. Kilichokuponza ni neno "ndege". Nami liliniponza. Msimu wangu wa kwanza huku magharibi mwa Texas nilikitia kidari cha korongo kwenye kuku paka, nikakiacha kitokote mpaka tui likatoa mafuta. Wageni walimaliza mchuzi, wakafuta sahani kwa mkate, na nyama wakaisukuma pembeni kwa adabu. Nilikuwa nimepika hotelini miaka kumi na mbili, na bado sikujua ninachokitazama.

Tuanze na taji, maana naona hilo linakukera kuliko sufuria. Korongo wa kwenu, yule mwenye manyoya ya dhahabu kichwani, ndiye aliyemo kwenye bendera ya Uganda, na kwa Baganda wa ukoo wa Ngaali ni mwiko kabisa kumla. Tangu 2012 amewekwa kwenye orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka, kwa sababu madimbwi anamozaa yanalimwa na makinda yake yanakamatwa na kuuzwa. Huyo endelea kutomgusa. Wa Amarillo ni binamu yake tu, korongo wa sandhill: kijivu mwili mzima, hana taji, ana kipara chekundu juu ya macho. Yeye hayumo hatarini. Kusini-magharibi yako, kwenye hifadhi ya Muleshoe, Februari 1981 walihesabiwa 250,000. Kila Machi zaidi ya nusu milioni hukusanyika kwenye mto Platte, Nebraska, kabla ya kwenda kaskazini kuzaa. Hapo zamani walikuwa wameishiwa kweli, na mwaka 1916 kuwawinda kukapigwa marufuku Marekani nzima. Marufuku ilianza kulegezwa 1961, Texas na New Mexico zikiwa miongoni mwa majimbo ya kwanza. Kwa hiyo nyama uliyoletewa ni ya halali kisheria, ilimradi aliyemuua alifuata taratibu, na hizo tutazifikia.

Sasa wekundu. Kuku hutembea kutwa nzima. Akiruka ni kwa kushtuka: anapiga mbawa mara chache, anatua juu ya ua, basi. Msuli wa kidari chake ni wa nguvu ya ghafla, hauhitaji akiba ya oksijeni, ndiyo maana ni mweupe. Tazama paja lake, linalofanya kazi siku nzima: limekoza zaidi. Kwa korongo mambo yamegeuka. Kidari chake ndicho kilichomleta Texas kutoka Kanada au Alaska, na wengine wao huanzia Siberia. Msuli wa safari kama hiyo umejaa mioglobini, protini inayoshika oksijeni ndani ya nyama, na mioglobini ni nyekundu kwa sababu ina madini ya chuma. Ng'ombe ni mwekundu kwa sababu hiyohiyo. Yale maji mekundu uliyoyakuta chini ya mfuko pia si damu, ni maji ya nyama yenye mioglobini.

Nyama ya korongo iliyoharibika utaitambua kwa utelezi unaovutika ukiigusa, harufu ya uchachu, au madoa ya kijani pale marisau, yaani zile golori ndogo za bunduki, yalipotoboa utumbo. Nyekundu iliyokoza yenye harufu kidogo ya chuma, kama sarafu mkononi, ndiyo nyama nzuri. Na usihofu shombo la samaki. Huyu si kama koikoi anayeshinda majini akidonoa samaki. Huku kwenu kutwa yuko kwenye mashamba yaliyovunwa akiokota mtama, ngano na karanga, na jioni anarudi kwenye maziwa ya kina kifupi kulala amesimama majini, ili adui akija asikie maji yakichezwa.

Basi ile harufu ya ini ilitoka wapi? Ilitoka kwenye moto wako, samahani kusema. Nyama yenye chuma nyingi ikipikwa kupita kiasi, chuma hiyo huachiliwa na kuchachusha yale mafuta machache yaliyomo, na ulimi unasoma "ini". Ugumu nao una sababu yake. Nyuzi za msuli zikipata moto hujikunja na kujikamua kama nguo inayosongolewa. Zikifika nyuzijoto 65 hivi za Selsiasi maji mengi yameshatoka. Utasema: mbona mguu wa ng'ombe ukichemka saa tatu unalainika? Unalainika kwa sababu umejaa kolajeni, zile tishu ngumu zinazounganisha msuli, na kolajeni ikitokota polepole hugeuka ute mlaini unaoteleza mdomoni. Kidari cha korongo hakina kolajeni ya maana wala mafuta. Ukikichemsha saa mbili unakausha nyuzi na hakuna kitu cha kulainika. Ndimu nayo iliongeza lake: asidi ikikaa muda mrefu huivisha nyama kwa nje kabla ya moto, ikawa ya kijivu na kama chaki.

Vile viwili vilivyobaki, vihamishie kutoka friza kwenda friji leo usiku, viyeyuke polepole humo, wala si juu ya meza ya jiko. Kesho vikaushe kwa karatasi za jikoni. Kila upande papasa kwa kidole kutafuta tundu za marisau. Ukikuta unyoya umezama ndani, utoe kwa ncha ya kisu, maana unyoya huingia pamoja na chembe na huoza haraka kuliko nyama. Utaona utando mweupe unaong'aa juu ya nyama: usipouondoa utajikunja motoni na kukipinda kidari. Pitisha kisu chembamba chini yake, makali yakielekea juu, uuvute. Kidari cha kukaangwa kama steki (nitaeleza chini kwa nini si hivi vyako) nyunyizia chumvi pande zote na ukirudishe kwenye friji bila kufunika mpaka keshokutwa. Chumvi ikikaa usiku mzima huingia ndani, na nyuso zinakauka, nazo nyuso kavu ndizo zinazopata rangi.

Siku ya kupika, kitoe nusu saa kabla. Weka kikaango kizito cha chuma motoni mpaka kianze kutoa moshi mwembamba, tia mafuta kidogo, laza kidari, na usikiguse. Dakika tatu hivi, geuza, dakika tatu nyingine, mwishoni tia kijiko cha samli na punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa, ukiteka samli na kumwagia juu. Ondoa kikiwa nyuzijoto 54 hadi 57 katikati, ambazo kwenye kipimajoto cha Kimarekani ni 130 hadi 135. Nunua hicho kipimajoto. Ni bei ya kuku mmoja, na hapa kukisia kwa macho kunadanganya kwa sababu nyama hii hubaki nyekundu hata ikiiva. Kiache kipumzike dakika kumi, kisha kata vipande vyembamba kuvuka nyuzi, si kufuata nyuzi. Wamarekani humwita korongo steki ya angani, na ukikila hivi utaona hawatanii. Mimi hukila na kachumbari yenye pilipili na ugali mgumu. Wengine huweka mchuzi wa divai na matunda, sijaona sababu.

Kuna jambo nawahi kulisema kabla hujanishinda: papai bichi. Najua ndicho kitu cha kwanza kinachokuja akilini kwa mpishi wa kwetu akiambiwa nyama ngumu. Kwa mishkaki ya ng'ombe mzee, sawa. Kwa kidari hiki, papai litameng'enya nyuzi ambazo tayari ni laini, na utapata nyama ya ungaunga kama iliyotafunwa na mtu mwingine. Ukitaka mishkaki, kata vipande vikubwa vya ukubwa wa dole gumba, paka tangawizi, mafuta na pilipili manga kwa saa moja tu, choma kwenye makaa makali, na uondoe mapema.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, nami sitakuficha. Nimekwambia nyuzijoto 54, lakini wataalamu wa afya wa Marekani wanasema ndege yeyote, wa kufugwa au wa porini, afikishwe 74, yaani 165 za kwao. Si watu wa kupenda kutisha. Virusi vya mafua ya ndege vya H5N1 vimekuwa vikizunguka kwa ndege wa porini Amerika Kaskazini tangu mwishoni mwa 2021, na majira ya baridi ya mwanzo wa 2025 korongo wengi walikufa kwa ugonjwa huo Indiana. Friza haiviui virusi, inavihifadhi. Nyuzijoto 74 zinaviua. Mimi, mtu mzima mwenye afya, nakula kidari cha rangi ya waridi cha korongo niliyemwona mwenyewe akiruka vizuri kabla hajaanguka, nikijua nimechagua hatari ndogo. Huo ni uamuzi wangu juu ya mwili wangu. Mtoto, mjamzito, mzee, au mtu anayetumia dawa zinazopunguza kinga simpi, na korongo uliyepewa na mtu usiyejua alivyomkuta, hata mimi ningemfikisha 74.

Kwa hiyo kwa familia yako ninavyoona mimi: vidari viwili hivi vifanye nyama ya kusaga. Visage na mafuta ya ng'ombe, sehemu moja ya mafuta kwa nne za nyama, tia kitunguu, giligilani na bizari, tengeneza kababu, uzifikishe 74. Mafuta ya ng'ombe yanafanya kazi ambayo nyama yenyewe haiwezi: hata ikiiva kabisa haikauki. Ile steki ngoja korongo ambaye shemeji atamleta kwa mkono wake mwenyewe, kama ataenda, na muile nyinyi watu wazima mkiridhia. Ukimshika mbichi, vaa glavu, osha ubao na kisu kwa sabuni na maji ya moto, na kama jirani yako anafuga kuku usimwage manyoya wala maji ya kuoshea karibu na banda lake. Mtu yeyote nyumbani akipata homa, kikohozi au macho mekundu ndani ya siku kumi baada ya kushika ndege wa porini, mwende kwa daktari na mmwambie wazi mlishika ndege gani na lini. Hilo la mwisho ndilo watu husahau kusema.

Je, shemeji aende? Ningemruhusu, lakini kuna milango ya kupitia, na wa kwanza haumo kwenye kitabu cha uwindaji. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyepo nchini bila kibali kushika bunduki au risasi, na hata wengi wenye viza za muda wamekatazwa, isipokuwa kwa masharti maalumu, mojawapo likiwa leseni halali ya kuwinda. "Niliishika tu kidogo, si yangu" haimwokoi mtu, na kosa la bunduki linaweza kuvuruga makaratasi yenu ya uhamiaji yote. Kwa hiyo kabla ya Januari mwende kwa wakili wa uhamiaji, ana kwa ana, na makaratasi mkononi. Usichukue neno langu, wala la yule rafiki, ambaye hajawahi kuhitaji kulijua.

Hilo likiwa shwari, yanayobaki ni ya kawaida. Texas inamtaka kila aliyezaliwa kuanzia 2 Septemba 1971 awe amepita mafunzo ya mwindaji. Anunue leseni ya kuwinda na nyongeza ya ndege wanaohama, kisha achukue kibali cha shirikisho cha korongo, ambacho hakiuzwi, ni bure, lakini asipokuwa nacho ni kosa. Amarillo iko kanda A ya uwindaji wa korongo, na idadi inayoruhusiwa kwa mtu ni korongo 3 kwa siku. Tarehe za msimu hubadilika, kwa hiyo asome kitabu cha mwaka husika cha Idara ya Hifadhi na Wanyamapori ya Texas. Bunduki ni ya marisau, iliyozibwa isibebe zaidi ya risasi tatu. Rifle hairuhusiwi, nafaka ya kuwavutia hairuhusiwi, wala sauti ya korongo ya kupigwa kwenye simu. Mimi nashikilia marisau ya chuma hata pale sheria isiponilazimisha. Marisau ya risasi, ile metali yenyewe, huacha vumbi lake kwenye nyama, na nyumba ina watoto.

Alfajiri yenyewe atalala chali kwenye baridi katikati ya ndege bandia, akiwa kimya, kwa sababu korongo ana macho makali na hurudi nyuma akiona uso mmoja unaong'aa. Atamsikia kabla hajamwona. Bomba lake la hewa limejikunja ndani ya mfupa wa kidari kama tarumbeta, ndiyo maana mlio wake hufika kilomita kadhaa; utalikuta mwenyewe siku utakapopasua mfupa huo. Akiruka, shingo imenyooka mbele na miguu nyuma. Na hapa asifanye haraka: kuna korongo mwingine, mweupe mwenye ncha nyeusi za mbawa, ambaye mwaka 1941 walibaki porini wachache kama ishirini tu, na sasa wamepita mia tano. Hupita Texas kwenda Aransas pwani. Kumuua ni kesi ya shirikisho, faini hadi dola 50,000 na hata jela, na kinda lake lina madoa ya hudhurungi linaloweza kumchanganya mtu kwenye mwanga hafifu. Asipokuwa na hakika, aache. Hata hawa wa kijivu hutaga mayai mawili na kwa kawaida hulea kinda moja tu. Ndege wa namna hiyo hawindwi kwa pupa.

Mwambie pia hivi, kwa msisitizo wa dada: korongo aliyejeruhiwa asikimbiliwe kama kuku. Hulala akisubiri, kisha hupiga mdomo wake mrefu moja kwa moja kwenye jicho. Mbwa wa kuwindia wamepoteza macho hivyo. Amalizwe kwa risasi ya pili akiwa mbali.

Njiani kurudi nyumbani, kila ndege abaki na kichwa au bawa moja lenye manyoya, ili askari wa wanyamapori ajue ni ndege gani. Akimpa mtu mwingine, aandike karatasi yenye sahihi na anwani yake, aina na idadi ya ndege, na tarehe waliyouawa. Na rafiki yake mwombeni vivyo hivyo siku nyingine akiwaletea. Kuuza hairuhusiwi kabisa. Nasema hivi kwa sababu najua akina dada wengi huku wanaopika kwa oda: sambusa ya korongo isiingie kwenye oda wala kwenye mnada wa kanisa.

Na nimetaja sambusa kwa makusudi. Wawindaji wengi huchukua kidari, wakaitupa miguu, kwa kuwa ina kano ngumu kama njiti za kiberiti. Shemeji asiitupe. Miguu ndiyo yenye ile kolajeni, ndiyo inayostahili sufuria yako ya saa mbili. Ipe hata saa nne. Itie chumvi, tangawizi, karafuu mbili na maji ya kuifunika, moto mdogo, mfuniko juu, mpaka nyama ianguke yenyewe. Vuta kano moja moja kwa vidole, zinatoka safi. Chambua nyama, ikaushe kwenye kikaango na kitunguu kingi, bizari ya pilau na pilipili, rudishia vijiko vichache vya supu yake, acha ipoe, funga kwenye manda. Imeshapita 74 siku nyingi, kwa hiyo hata mdogo wa mwisho anaweza kula. Supu iliyobaki usiimwage, ipikie wali.